Maswali ya Wasomaji: Simu ya Rangi ya Marehemu Baba

Mwezi huu nimeuacha utaratibu wangu wa kujibu barua za kila aina. Barua moja kutoka Chake Chake imeigusa Nokia 6610, simu ambayo niliifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nyengine yoyote nilipokuwa fundi pale Mlandege, na nilipozipekua barua nyengine zilizokuwa zikingoja mezani nikaona kwamba kadhaa miongoni mwao zinaizunguka simu hiyohiyo au wenzake wa umri wake. Nimezijibu zote pamoja, na wenye maswali ya simu za leo naomba mnisubiri hadi toleo lijalo.

SWALI: Assalamu alaykum. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa skuli, alituachia Nokia 6610 ambayo aliitumia kwa miaka mingi sana, hata baada ya sisi watoto kumnunulia simu ya kisasa. Nimeikuta kabatini ndani ya soksi. Naamini mna ujumbe wake na namba za watu ambao sisi hatuna njia nyengine ya kuwapata. Niliazima chaja ya zamani kwa jirani, simu ikawaka, lakini nilipoitia laini yangu ikadai namba ya siri, nami nikaizima kwa hofu ya kufuta kila kitu. Nifanye nini? Na simu hii ilikuwa na kitu gani hata baba akawa haachi kuisifu? Nina swali jengine dogo: baba alikuwa akiizima kila usiku kabla ya kulala, lakini katika mwezi wa Ramadhani ilikuwa ikimwamsha kula daku. Vipi simu iliyozimwa ikalia? — Binti wa Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu. Hofu yako ilikuwa ya busara, ingawa haikuwa na sababu. Simu hizi zina namba za siri za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya kadi ya laini, ambayo ukiikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai namba ndefu ya tarakimu nane iliyoandikwa kwenye kipande cha plastiki kilichokuja na kadi hiyo. Ya pili ni ya simu yenyewe, na ndiyo uliyoulizwa wewe, kwa sababu inaonekana baba yako aliiwekea ulinzi unaoifanya iulize kila inapotiwa kadi ngeni. Namba hii ya pili ukiikosea mara tano mfululizo, adhabu yake ni kungoja dakika tano tu kabla ya kujaribu tena. Hakuna kinachofutika kwa kukosea. Kiwandani simu zote za Nokia za wakati ule zilitoka na namba 12345, na kwa uzoefu wangu wenye simu wengi hawakuibadilisha, kwa hiyo anza na hiyo. Ikikataa, jaribu tarakimu tano ambazo mwalimu angeweza kuzikumbuka bila ya kuziandika.

Yote yakishindikana, mpelekee fundi mwenye umri wa kuikumbuka simu hii, na umwambie kwa maneno yasiyo na utata kwamba unataka aisome namba, si aiflashi simu, yaani kuifuta na kuitia programu yake upya. Vifaa vya kuisoma namba hiyo bila kugusa kilichomo vilikuwapo katika kila banda la fundi, na yumkini bado vimo katika droo za wengine. Kuflashi ni jambo jengine kabisa, na fundi kijana atalikimbilia kwa kuwa ndilo analolijua. Ataifungua simu yako kwa robo saa na kukurejeshea ikiwa tupu.

Ukishaingia, usianze kuichezea. Anza na majina. Kitabu cha majina cha 6610 kinachukua majina 300, na kila jina linaweza kubeba zaidi ya namba moja, yaani ya nyumbani, ya kazini na ya mkononi, jambo ambalo simu nyingi kabla yake hazikuliweza. Unaweza kuyanakili kwenye kadi ya laini na kuihamishia kadi hiyo katika simu yako ya sasa, ila ujue kwamba kadi nyingi huishia majina 250 na hukata jina baada ya herufi kumi na nne hivi, kwa hiyo mtu aliyeandikwa “Maalim wa skuli ya Madungu” atakufikia akiwa “Maalim wa skul”, na mwengine mwenye jina la kufanana naye hutajua ni yupi. Kwa sababu hiyo, ningekuwa wewe ningechukua daftari na kuyaandika kwa mkono jioni moja, kisha ndipo ningenakili kwenye kadi kama akiba.

Kwa upande wa ujumbe, nakushauri njia ambayo mafundi wenzangu wataicheka. Iweke simu mezani karibu na dirisha, fungua ujumbe mmoja mmoja, na kila mmoja uupige picha kwa simu yako ya sasa, ukihakikisha kwamba jina la aliyeuleta na tarehe vimeonekana. Ukiutuma ujumbe kwa simu nyengine utapata maneno matupu, kwa sababu utasomeka kama ulioandikwa leo na wewe. Ipo pia njia ya kompyuta, kwa waya ulioitwa DKU-5 uliochomekwa chini ya simu na programu ya Nokia PC Suite, nami niliitumia sana, lakini kuupata waya ule sasa ni kazi, na kuipata kompyuta itakayoukubali ni kazi zaidi. Simu ina pia mwale wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, katika ubavu wa juu, ambao ulihitaji simu mbili zitazamane kwa karibu bila ya kutikisika mpaka kazi iishe. Simu ya kutazamana nayo leo huna.

Kuhusu betri, ile ya asili inaitwa BLD-3 na uwezo wake ni milliampea-saa 720, kiasi ambacho simujanja ya leo ingekimaliza kabla ya adhuhuri. Itoe na uilaze juu ya meza iliyonyooka. Ikizunguka kama pia unapoisukuma kwa kidole, imevimba, na usiichaji tena hata kama inaonekana inafanya kazi. Ikiwa imelala sawa, tazama vile vyuma vidogo vya dhahabu: hewa yetu ya chumvi huvitia kutu ya kijani, na simu nyingi nilizoletewa kutoka Wete na Mkoani zikidaiwa kufa zilikuwa na tatizo hilo tu, ambalo dawa yake ni pamba na spiriti. Chaja yake ni ya pini nene, ya upana wa milimita 3.5. Ile chaja ya kobe inayobana betri nje ya simu uitumie kwa dharura tu, kwa sababu nyingi miongoni mwake hazijui wakati wa kuacha.

Sasa nije kwa sifa za baba yako. Nokia 6610 ilitangazwa mwaka 2002, ikiwa na uzito wa gramu 84, na ndani yake ni ndugu wa Nokia 7210, tofauti yao kubwa ikiwa ni nguo: 7210 ilitengenezwa kwa vijana wapenda mapambo, na 6610 ikavalishwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Ilikuwa na redio ya FM, spika ya kusikiliza mazungumzo bila ya kuishika simu sikioni, milio ya sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja badala ya ule mlio mmoja wa filimbi, michezo na programu ndogo za Java, ujumbe wa picha, na intaneti ya GPRS. Ilifanya kazi katika masafa matatu ya mawimbi, megahezi 900, 1800 na 1900, kwa hiyo ndugu waliosafiri nayo hadi Marekani hawakulazimika kununua simu nyengine. Haikuwa na kamera, haikuwa na Bluetooth, wala haikuwa na pahala pa kutia kadi ya kumbukumbu.

Lakini kilichowavuta watu dukani kilikuwa kioo chake. Kina nukta 128 kwa upana na 128 kwa urefu, jumla 16,384, na kila nukta imegawanywa vijinukta vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu. Kila kijinukta kinaweza kusimama katika ngazi 16 za mwanga. Ukizidisha 16 kwa 16 kwa 16 unapata 4,096, na hiyo ndiyo idadi ya rangi iliyotajwa kwenye boksi. Katika picha ya machweo utaona mistari mahali ambapo rangi ilipaswa kuyeyuka polepole, kwa sababu ngazi 16 ni chache. Sisi wa visiwani tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri televisheni yoyote ile hadi miaka ya 1990, na bado nakumbuka wazee waliojaa dukani kukitazama kioo hiki cha ukubwa wa stempu kana kwamba rangi ni kitu kilichozaliwa wiki ile.

Ukweli ni kwamba rangi ilikuja na gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Kioo cha aina hii hakitoi mwanga. Ni pazia lililosimama mbele ya taa. Pazia la simu za zamani zisizo na rangi lilisomeka kwa mwanga wa jua peke yake, na taa yake ya kijani iliwaka usiku tu. Kioo cha rangi, kinyume chake, kila kijinukta kinapitisha rangi yake na kuzuia nyengine, hivyo sehemu kubwa ya mwanga hupotea njiani, na bila ya taa nyuma yake maandishi hufifia. Tena taa hiyo sharti iwe nyeupe, maana rangi ambayo haimo katika taa haiwezi kutoka katika kioo. Taa nyeupe ndogo, imara na isiyokula umeme mwingi haikuwapo mpaka Mjapani Shuji Nakamura alipotengeneza taa ya buluu yenye nguvu mwaka 1993, na miaka michache baadaye taa hiyo ikapakwa unga wa manjano ikageuka nyeupe. Yeye na wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa taa hiyo ya buluu. Ninapoulizwa kwa nini simu za rangi zilimiminika kuanzia mwaka 2001 na si kabla, mimi huanzia kwenye taa.

Gharama ile niliihisi mwenyewe mwaka 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia mwezi wa Mei kwa takriban mwezi mmoja. Mimi nilikuwa na 6610, na jirani yangu muuza samaki alikuwa na simu ya tochi isiyo na rangi. Mimi nilikwenda kuchaji kwa wenye jenereta, kwa malipo, karibu kila siku ya pili, kwa sababu nilikuwa sijifunzi kuacha kukitazama kioo; yeye alikuwa akienda mara moja kwa wiki, na usiku alikuwa akiniazima tochi. (Wapemba hawakuguswa na mkasa ule, kwa kuwa walikuwa na jenereta zao za Wesha, ambazo nazo zilikuwa na mikasa yake hadi waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010.)

Kwa hiyo, binti yangu, sidhani kwamba mwalimu aliisifu simu hii miaka yote kwa ajili ya rangi, kwani rangi mtu huizoea kwa mwezi mmoja. Ukitaka kujua alichokipenda, tazama ni kipi bado kinafanya kazi leo. Sauti yake kwenye simu ni safi, vibonye vyake havikosei, redio iko ndani, kitabu cha majina kina nafasi, saa haipotei, na simu inaingia katika mfuko wa kanzu bila ya kuuvuta chini. Vyote hivyo ni vyake mwenyewe, havikutegemea mtu wa nje. Swali lako la daku nitalijibu mwishoni, maana nalo ni miongoni mwa hayo.

SWALI: Sisi ni wazee wa baraza moja hapa Wete, na baina ya dhumna na kahawa tumegombana. Mmoja wetu anasema simu ya kwanza ya rangi duniani ilikuwa Nokia 7650, ile ya kusukuma yenye kamera, kwa kuwa aliiona mwenyewe Dar es Salaam. Mwengine anasema ilikuwa Ericsson T68, ambayo mwanawe alimletea kutoka Oman. Kahawa ya wiki nzima inangoja jibu lako. — Wazee wa Baraza, Wete

JIBU: Wazee wangu, kahawa hiyo inunuliwe na wote wawili. Ericsson T68 ilitangulia, mwaka 2001, ikiwa na rangi 256 na kioo cha nukta 101 kwa 80, na mwaka uliofuata ikarudi kwa jina la Sony Ericsson T68i, ikapokea ujumbe wa picha na kuuzwa na kamera ndogo ya kuchomeka chini. Nokia 7650 ilitoka mwaka 2002 na rangi 4,096, lakini hata kwa Nokia wenyewe haikuwa ya kwanza, kwani ile 9210 ya kufunguka kama kitabu ilikuwa na kioo cha ndani cha rangi 4,096 tangu mwaka 2001.

Na wote hao wamechelewa. Japani ilikuwa na simu za rangi 256 mwaka 1999. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Wajerumani wa Siemens walitoa S10, ambayo kioo chake kilionyesha rangi nne: nyekundu, kijani, buluu na nyeupe. Mtu anaweza kubisha kwamba rangi nne si rangi, na kwamba S10 ilizitumia kupambanisha mistari ya menyu na haikuwa na uwezo wa kuonyesha picha. Hoja hiyo ina uzito, na mkitaka kuendelea kugombana, gombaneni juu yake. Mimi naihesabu S10, kwa sababu niliwahi kuishika na sikuona kitu chengine cha kuiita.

Aliyeiona 7650 asikasirike. Kioo chake chenye nukta 176 kwa 208 kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja isipokuwa cha 9210, na ndani yake mlikuwa na mfumo wa Symbian uliomruhusu mtu kuongeza programu kwa hiari yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nyanya ya simujanja, ingawa haikuwa ya kwanza kwa rangi.

SWALI: Kaka yangu amenipa Nokia 6610 yake baada ya kununua simu mpya. Kupiga na kupokea inafaa, na hata menyu za fedha za nyota na reli zinafunguka. Ila intaneti haifunguki kabisa, na ujumbe wa picha nao hauendi. Nimeuliza kwa mtandao wangu nikaambiwa simu ni mbovu. Je, ni kweli? — Mwanafunzi, Makunduchi

JIBU: Si kweli, na aliyekujibu alichoka. Simu yako haina ubovu. Iliokuwa ikizungumza nao ndio walioondoka.

Kupiga simu, ujumbe mfupi na menyu za nyota na reli hupita katika mfumo wa GSM, yaani mtandao wa kizazi cha pili (2G), ambao mitandao yetu bado inaurusha, na ndiyo maana mtu mwenye simu ya mwaka 2002 anaweza kutuma na kupokea fedha kama mwenye simu ya jana. Intaneti ni habari nyengine. Kivinjari cha simu hii kilitengenezwa kwa zama za WAP, ambapo simu haikwenda kwenye tovuti moja kwa moja bali ilipita katika lango la mtandao, na lango likaikatia kurasa ndogo za maandishi machache na picha za ukubwa wa punje. Anuani za malango hayo bado zimeandikwa katika mipangilio ya simu ya kaka yako, lakini nyuma ya anuani hapana mtu. Hata ukipata njia ya kulikwepa lango, tovuti za leo hufunga mazungumzo kwa usimbaji, yaani kuyaficha kwa maandishi ya siri, ambao simu ya mwaka 2002 haikufunzwa, kwa hiyo huambiana “sikujui” na kuachana. Ujumbe wa picha umekumbwa na jambo la namna hiyohiyo, na zaidi ya hapo kumbukumbu yote ya simu haifiki megabaiti moja, ilhali picha moja ya simu ya leo hupita megabaiti mbili au tatu. Ni sawa na kutaka kulipitisha kabati la msonobari katika dirisha la msalani.

Jambo moja la tahadhari kwa ajili ya laini yako. Ukiikata kadi iwe ndogo kabisa kwa ajili ya simu nyengine, usiutupe ule mfupa wake wa plastiki, kwani 6610 inataka kadi ya milimita 25 kwa 15, na kadi ndogo ikitiwa bila ya mfupa hunasa na kuving'oa vyuma vya ndani. Nimebadilisha vyuma hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

SWALI: Redio ya 6610 yangu inasema niunganishe waya wa masikioni, na bila ya waya hainipi hata Redio Jamii Micheweni ambayo mnara wake nauona. Kuna haja gani ya waya ilhali simu ina spika? — Msikilizaji, Konde

JIBU: Waya huo ndio antena. Mawimbi ya FM ya karibu na megahezi 100 yana urefu wa mita tatu hivi, na antena nzuri inahitaji walau robo yake, yaani sentimita 75, urefu ambao hautoshei ndani ya simu lakini unakaribiana na waya wa masikioni. Uchomeke waya, kisha uamuru sauti itoke katika spika. Waya wa simu za leo hautaingia, kwa kuwa tundu la 6610 ni pana na la bapa; utafute wa Nokia wa wakati ule, na hata uliokufa upande mmoja wa sikio utafaa, maana unachokitaka ni waya.

SWALI: Nimeona Darajani Nokia 6610 “mpya”, inang'aa, na muuzaji anadai imekaa stoo tangu zamani. Bei aliyonitajia inazidi ya simu ya tochi mpya. Ninunue? — Mpenda Vya Kale, Mjini Unguja

JIBU: Kinachong'aa ni ganda. Maganda mapya ya simu hii yaliuzwa kwa mafurushi, nami mwenyewe nilikuwa nikimvisha mtu simu yake upya kwa muda wa kunywa kahawa, kwa hiyo usiamini mng'ao wowote. Bonyeza *#0000# na utazame mistari itakayotokea: 6610 ya kweli hujitaja kwa NHL-4U, na ile ndugu yake ya mwaka 2004 yenye kamera, 6610i, hujitaja kwa RM-37. Kisha bonyeza *#06# upate tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, utoe betri, na uzilinganishe na zilizoandikwa chini yake. Zikitofautiana, ndani na nje ni simu mbili. Zikilingana, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ili ujue kama namba hiyo inatambulika, kwa kuwa tangu tarehe 16 Juni 2016 simu zenye IMEI bandia hufungiwa nchini.

Mwisho washa kioo na ukitazame kwa upande. Kioo cha 6610 ni cha aina ya STN, ambacho nukta zake huamrishwa safu kwa safu na si moja moja, kwa hiyo picha inayokwenda mbio huacha kivuli nyuma yake, na rangi hubadilika ukiinamisha simu. Hizo si kasoro. Kioo kilichobaki cheupe, au chenye mstari mweusi, ndicho kibovu, na dawa yake ni kukibadilisha. Vioo vya 6610 na vya 6100 viliwahi kuwa rahisi kupatikana hata wanafunzi wa elektroniki duniani wakavinunua kwa ajili ya majaribio yao, lakini wakati huo umepita. Kwa kuitumia, nunua simu ya tochi. Kwa kuipenda, punguza bei kwanza.

SWALI LA DAKU: Nimrudie binti wa mwalimu. Baba yako alikuwa akiizima simu, lakini simu hizi zikizimwa haziwi maiti. Saa yake huendelea kutembea kwa umeme mchache sana wa betri, na ukiwa umetega kengele, saa ikifika huamka yenyewe na kulia hata kama usiku mzima ilikuwa imezimwa. Kwa mtu wa Pemba wa miaka ile, ambaye chaji ilikuwa ni jambo la kupangiliwa, hii ilikuwa tija kubwa: alilala bila ya kusumbuliwa na simu za watu, betri haikupungua, na daku haikumpita. Simujanja nyingi mlizomnunulia zikizimwa zimezimwa, na huenda hiyo peke yake ndiyo iliyomfanya airejee ya zamani kila mwezi wa Ramadhani ulipoingia.

Ukitaka kuitumia hivyo, weka tarehe na saa upya, kwa kuwa betri ikikaa nje kwa muda mrefu saa hupotea, kisha tega kengele na uizime kwa kibonye cha juu. Itakapolia, bonyeza kuinyamazisha, na itakuuliza kama unataka kuiwasha kwa ajili ya kupiga simu. Jibu hapana, nayo itajizima tena na kukuacha ukapashe chai.